Kiwanda cha tairi kilichogombewa na nchi mbili

Mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mpya ya uwekezaji, na vyombo viwili vilivyokuwa vikishughulika na wawekezaji, TIC na EPZA, vikaunganishwa kuwa kimoja: Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi, TISEZA. Mjadala ulioambatana na sheria hiyo haukuwa mgeni. Mwenye mtaji apewe nini ili akubali kujenga kiwanda kwetu? Ardhi? Umeme na barabara hadi mlangoni? Msamaha wa kodi ya kampuni kwa miaka kumi, kama ulivyowekwa katika sheria ya EPZ ya mwaka 2002? Wakenya wana wao tangu mwaka 1990: miaka kumi bila kodi ya kampuni, kisha asilimia 25 kwa miaka kumi mingine, na eneo lao kubwa likiwa Athi River. Uganda na Rwanda nazo zinabisha hodi kwa wawekezaji wale wale. Naye mwekezaji anajua kuhesabu. Alichoahidiwa Nairobi atakitaja Dodoma, na cha Dodoma atakitaja Kampala.

Wanaodhani kwamba mnada huu umeanza na utandawazi wafike Arusha, upande wa Njiro, kwenye geti la kiwanda cha General Tyre. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipojifunza, kwa gharama kubwa, nini hutokea serikali mbili jirani zinaposhindania kiwanda kimoja. Somo lenyewe tumelisahau, na ndiyo maana inafaa kulisimulia upya.

Ya mwanzo yanajulikana. Wakoloni walituachia soko moja la nchi tatu, forodha moja, fedha moja, reli moja, na viwanda vingi vikiwa vimejikusanya Nairobi kwa sababu ndiko walikokaa walowezi, mabenki na mafundi. Tanganyika na Uganda zikawa wanunuzi. Tume ya Raisman ya mwaka 1961 ilikiri kwamba mgawanyo haukuwa wa haki na ikapendekeza mfuko wa kugawana sehemu ya kodi. Fedha zilizotoka humo hazikuzaa kiwanda hata kimoja.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyolileta tairi mezani. Aprili 1964 wajumbe wa nchi tatu walikutana Kampala wakakubaliana kugawana viwanda vipya, kila nchi ipewe vyake na wenzake wasivijenge. Tanganyika ilipata matairi na tyubu za magari, uunganishaji wa Land Rover, na redio. Uganda ikapata baiskeli na mbolea ya nitrojeni. Kenya, ambayo tayari ilikuwa na vingi, ikaachiwa balbu za umeme. Mapatano hayo yakapigwa msasa tena Mbale Januari 1965.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba tairi ndilo lililokuwa nono kuliko yote. Land Rover inaunganishwa kwa vipande vilivyotoka Uingereza. Balbu ni balbu. Lakini tairi linaliwa na barabara kila siku, na barabara za wakati ule zilikuwa na meno. Mara tu baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam hadi Copperbelt kwa barabara ya vumbi na mawe ambayo madereva waliibatiza jina la Jehanamu kwa Kiingereza. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania kwa ajili ya safari hizo. Mwenye kiwanda cha tairi katika ukanda huu hakuhitaji kutafuta mteja.

Kenya haikuridhia makubaliano ya Kampala. Hapa ndipo ninapomfuata Arthur Hazlewood, mchumi wa Oxford aliyeandika mwaka 1975 kitabu kuhusu uzoefu wa Afrika Mashariki katika kuunganisha uchumi. Hazlewood si mtu wa kupandisha sauti, lakini habari ya tairi anaiona kama kielelezo cha ugonjwa wote: soko lililotosha kiwanda kimoja likapewa viwili. Juni 1965 nchi tatu zilitangaza kwamba kila moja itakuwa na benki kuu yake na noti zake. Mwaka huo huo Tanzania ilianza kuwekea bidhaa za Kenya viwango vya kuingia nchini. Udugu ulikuwa bado unaimbwa majukwaani, lakini maofisa wa biashara walishaanza kuandikiana barua za ukali.

Kisha ukaja Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kazi Desemba mosi mwaka huo, makao makuu yakiwa Arusha. Profesa Kjeld Philip, Mdenmarki aliyewahi kuwa waziri kwao, ndiye aliyeongoza tume iliyouandaa. Ndani yake mlikuwa na kifungu ambacho wanahistoria wengi hukipita kwa mstari mmoja, nami naona ndicho kilichoamua hatima ya tairi: kodi ya uhamisho.

Ilifanya kazi hivi. Nchi iliyokuwa ikinunua kwa jirani zake bidhaa nyingi za viwandani kuliko ilizowauzia iliruhusiwa kutoza kodi bidhaa zinazotoka kwa jirani, kodi isiyozidi nusu ya ushuru wa forodha uliotozwa bidhaa kama hizo zikitoka nje ya Afrika Mashariki. Kwa Tanzania hiyo ilikuwa neema. Lakini kulikuwa na sharti: ili uitoze bidhaa fulani, lazima wewe mwenyewe uwe unaitengeneza, au uko karibu kuitengeneza, kwa kiwango kisichopungua asilimia 15 ya mahitaji yako au thamani ya shilingi milioni 2 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mkataba ulioletwa kulinda soko la pamoja ulimpa kila mmoja sababu ya kuwa na kiwanda chake, hata kidogo, hata cha hasara, ili apate haki ya kumzuia mwenzake. Waliouandika hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajaribu kuwaridhisha wote watatu kwa karatasi moja.

Katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, habari hizi zilisomwa kwa makini.

Akron ulikuwa mji wa mpira. Goodyear, Goodrich, Firestone na General zote zilikuwa na makao makuu yao hapo, na mitaa yake ilinuka mpira unaopikwa. Harvey Firestone alianzisha kampuni yake mwaka 1900, na mwaka 1926 akapata Liberia haki ya kukodi hadi ekari milioni 1 kwa miaka 99, kwa senti 6 za dola kwa ekari. Kwa hiyo Firestone haikuhitaji kufundishwa namna ya kuzungumza na serikali ya Kiafrika. General Tire, iliyoanzishwa na William O'Neil mwaka 1915, ilikuwa ndogo kati ya wakubwa, na njia yake ya kupanuka nje ya Marekani ilikuwa kuuza ujuzi na mashine, kuchukua sehemu ndogo ya hisa, na kumwachia mwenyeji mzigo wa mtaji.

Mwaka 1969 kampuni mbili ziliandikishwa Afrika Mashariki. Ya Nairobi ilibeba mwaka huo ndani ya jina lake: Firestone East Africa (1969) Limited. Ya Arusha iliitwa General Tyre East Africa Limited, huku Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, likiwa na asilimia 74 za hisa na Wamarekani asilimia 26. Soko lilikuwa moja, bidhaa moja, na waliopewa mikataba walitoka mji mmoja. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru hawa walikuwa na ofisi ambazo mtu angeweza kutoka moja hadi nyingine ndani ya mji ule ule wa Akron.

Jinsi ugomvi ulivyosikika ilitegemea umesimama wapi. Dar es Salaam walisema tairi lilikuwa letu tangu Kampala, Kenya imeiba. Nairobi walijibu kwamba makubaliano yasiyoridhiwa si makubaliano, kwamba Kenya ndiyo yenye magari mengi zaidi, na kwamba haiwezekani mwekezaji aliyetaka kuja Nairobi afukuzwe kwa sababu Watanzania wamekaa miaka mitano na karatasi bila kujenga. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lakini ukweli ni kwamba kila serikali ilipokwisha kuona mwenzake anaelekea kujenga, ilipoteza uwezo wa kukataa. Mhandisi wa Akron akisema anahitaji hili na lile, nani angethubutu kumwambia asubiri, wakati jirani yuko tayari kusaini?

Kenya ikalipa kwa njia ya soko. Firestone ilihakikishiwa kwamba haitaletewa mshindani wa ndani na kwamba matairi ya nje yatabanwa. Ruzuku ya namna hii haionekani katika kitabu cha bajeti kwa sababu Hazina haitoi hata senti. Anayetoa ni mwenye gari, kila anapobadilisha tairi, kwa kununua kwa bei ambayo hana pa kuilinganisha. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta alipotangaza kwamba matatu zifanye kazi bila kuhitaji leseni ya usafirishaji wa abiria, magari hayo yalifurika barabarani. Wenye matatu wale, wengi wao watu wa kipato cha kawaida walioweka akiba au kuuza shamba, wakawa sehemu ya walipaji wa kiwanda cha Nairobi bila mtu yeyote kuwaomba ruhusa.

Tanzania ililipa kwa njia nyingine, na hapa ninaegemea kwa Issa Shivji. Mwaka 1970 kijana huyo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika insha ndefu kuhusu mapambano ya kitabaka yasiyosikika, ikachapishwa katika Cheche, jarida la wanafunzi wenye mrengo wa kushoto. Kabla ya mwaka kwisha, Cheche lilikuwa limepigwa marufuku. Kilichowaudhi wakubwa ni kwamba Shivji hakuwashambulia maadui wa Azimio la Arusha. Alifungua mikataba ya mashirika ya umma, hasa ya NDC na wabia wake wa kigeni, akauliza fedha zinaenda wapi. Hoja yake ilikuwa kwamba kuwa na hisa nyingi si kuwa na kiwanda. Mbia mwenye hisa chache hulipwa anapouza mashine, hulipwa ada ya uendeshaji kwa kuwa mameneja ni wake, hulipwa ada ya ufundi na ya jina, na mara nyingi ada hizo hukokotolewa kwa mauzo, si kwa faida. Kiwanda kikipata hasara, serikali inabeba yake yote kwa sababu ndiyo yenye hisa nyingi, na mbia ameshachukua chake juu kabisa ya hesabu.

Nimesoma makala nyingi za kusifu viwanda vya miaka ile. Chache zinagusa hoja hiyo.

Ili kuelewa kwa nini tairi hasa lilikuwa tamu kwa muuzaji wa ujuzi, ingia ndani ya kiwanda. Mpira wa asili, ule utomvu uliogandishwa na kukaushwa, ni sehemu tu ya tairi. Unachanganywa na mpira wa kutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na masizi meusi ya kiwandani ambayo ndiyo yanayolipa tairi rangi na ugumu wake, na mafuta, na salfa, na kemikali kadhaa za kuzuia kuchakaa. Vyote hukandwa kwenye mashine kubwa hadi viwe donge moja linalovutwa kama ubani. Vitambaa vya nyuzi za nailoni hupakwa mpira huo pande zote. Fundi huvizungusha tabaka juu ya tabaka kwenye pipa la chuma, huweka mikanda ya waya mahali ambapo tairi litashika rimu, kisha hubandika sehemu nene itakayokanyaga barabara. Kinachotoka hapo kinafanana na pipa lisilo na vifuniko. Ni pale kinapoingizwa kwenye kalibu na kupikwa kwa mvuke na shinikizo ndipo kinapopata umbo la tairi, na ile michoro ya kukanyagia, na jina la kampuni ubavuni.

Sasa hesabu. Mpira wa kutengenezwa, masizi, nailoni, waya, kemikali, kalibu: vyote vilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na aliyejua pa kuvinunua ni yule yule mwenye mkataba wa ufundi. Kilichokuwa cha nyumbani ni jasho, maji, umeme na jengo. Hata mpira wa asili tulianza kuutafuta nyuma ya wakati. Kiwanda kilipewa mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, lakini mti wa mpira huchukua miaka kadhaa kabla ya kugemwa. Muheza wenyewe ulishawahi kuona homa ya mpira enzi za Wajerumani, wakati kampuni za Ulaya zilipopanda miti hiyo kwa pupa mkoani Tanga hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913 wakaiacha. Laiti wapangaji wa 1969 wangewauliza wazee wa huko.

Uzalishaji Arusha ulianza mwaka 1971. Nisieleweke vibaya: kiwanda kile kilikuwa cha kweli. Matairi yalitoka, yalikuwa magumu, na madereva wa malori waliyaamini. Vijana waliotoka shule za ufundi walipata pale ajira yenye mshahara wa uhakika, wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Anayesema General Tyre haikumfaidia Mtanzania yeyote anasema uongo. Swali ni kwa gharama gani, na kama gharama hiyo isingepungua nusu laiti nchi mbili zingekaa mezani badala ya kukimbilia Akron.

Maana viwanda viwili katika soko la kimoja ni mzigo wa daima. Kalibu, mashine ya kukandia na boila hugharimu kiasi kile kile, uzalishe matairi mengi au machache. Ukizalisha machache, kila tairi linabeba sehemu kubwa ya gharama hizo. Ndipo serikali inapoombwa izuie zaidi bidhaa za nje, isamehe zaidi ushuru wa malighafi, idhamini mkopo mwingine. Ruzuku ya kwanza inazaa ya pili.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ikafa mwaka huo. Mpaka haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Kwa Arusha, mji ulio umbali wa saa chache tu kutoka Namanga, ilikuwa kama kukatwa mkono wa kulia. Kiwanda kilichopewa jina la Afrika Mashariki kikabaki na nchi moja ya kuiuzia, tena nchi ambayo ndani ya miaka miwili iliingia vitani na Idi Amin na kutoka ikiwa haina fedha za kigeni.

Waliokuwa na umri wa kukumbuka miaka ya mwanzo ya themanini hawahitaji kusimuliwa. Malori yaliegeshwa juu ya mawe, yakisubiri tairi. Kupata tairi jipya ilikuwa shughuli ya kibali, na kibali kilihitaji kujulikana. Haya yalitokea wakati nchi ina kiwanda cha tairi, kwa sababu kiwanda bila dola za kununulia masizi na nailoni ni banda la chuma tu. Hapo ndipo unapoona udhaifu wa mpango wote: tulijenga kiwanda ili tusitumie fedha za kigeni kununua matairi, tukaishia kuhitaji fedha za kigeni ili kiwanda kipumue.

Kulikuwa na watu waliojua kulitumia tairi kuliko wapangaji. Mafundi wa katambuga, ndala zile zinazokatwa kutoka matairi makuukuu na ambazo wafugaji wa Kimaasai huzivaa kuvuka miiba na mawe, wapo Arusha hadi leo. Mtazame mmoja akifanya kazi. Kisu chake ni kipana, kimenolewa hadi kinameta, na kila mara anakichovya majini ili kisinase kwenye mpira. Soli anaikata kutoka sehemu iliyokanyaga barabara. Mikanda anaichonga kutoka ubavuni, ambako mpira ni mwembamba na unakunjika. Vimisumari vidogo vinashika mkanda kwenye soli, na kazi imekwisha. Lakini kabla ya yote anakagua ukingo wa tairi aliloletewa. Akiona ncha za waya zinachomoza, analisukuma pembeni, kwa kuwa waya utakula kisu na kumchoma mvaaji. Anataka lile la zamani, lenye nyuzi za nailoni ndani.

Katika kuchagua kwake fundi huyu kuna historia nzima ya teknolojia. Mwaka 1946 Wafaransa wa Michelin walisajili hataza ya tairi la radiali, lenye mkanda wa waya wa chuma chini ya sehemu inayokanyaga barabara, linalodumu muda mrefu zaidi na kuokoa mafuta. Ulaya ililipokea haraka. Kampuni za Akron zilichelewa, kwa sababu zilikuwa na mashine nyingi za aina ya zamani na hazikutaka kuzitupa. Nchi zetu zilisaini mikataba na Akron mwaka 1969, muongo mmoja tu kabla Wamarekani wenyewe hawajalazimika kugeuka. Geuko hilo liliwaumiza: mwaka 1978 Firestone ililazimika kuyarudisha kiwandani mamilioni ya matairi yake ya radiali aina ya 500 kwa sababu za usalama. General ilifunga kiwanda chake cha Akron mwaka 1982. Tulikwenda kununua elimu kwa mwalimu ambaye somo lake lilikuwa linafutwa ubaoni.

Mwaka 1987 General Tire ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani, na mwaka uliofuata Firestone ikachukuliwa na Bridgestone ya Japani. Arusha na Nairobi hawakuulizwa. Mbia uliyemchagua kwa mbwembwe na picha za magazetini aliweza kuuzwa ng'ambo, nawe ukaamka asubuhi una mbia mwingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kuelekea chini. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, milango ya bidhaa ikafunguliwa, na matairi ya Asia, mapya na mitumba, yakaingia. Katikati ya miaka ya 2000 kiwanda kilipewa mkopo wa dola milioni 10 kutoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, chini ya dhamana ya Serikali, ili kifufuke. Hakikufufuka. Kufikia mwaka 2009 kilikuwa kimefungwa, na deni hilo likawa wimbo wa ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na vikao vya kamati za Bunge. Mawaziri wa viwanda, mmoja baada ya mwingine, wamesimama bungeni kuahidi kwamba General Tyre itarudi. Kwa upande wa Nairobi, Firestone ilibadilika kuwa Sameer Africa mwaka 2005, na mwaka 2016 ikaacha kutengeneza matairi katika kiwanda chake cha Nairobi, ikayaagiza kutoka kwa watengenezaji wa nje.

Kwa hiyo ugomvi ule wa 1964 hadi 1969 uliisha bila mshindi. Tairi lililogombewa halitengenezwi tena, si Arusha wala katika kiwanda kile cha Nairobi. Yapo makundi yaliyofaidika: wauza mashine, ambao walilipwa mara mbili kwa soko moja, wenye mikataba ya ufundi, mawakala waliopewa mgawo wa matairi wakati wa uhaba wakauza kwa bei waliyotaka, na, ndiyo, wafanyakazi kwa kipindi cha kizazi kimoja. Waliolipa ni wenye matatu, wakulima ambao mazao yao yalilala ghalani kwa kukosa lori lenye matairi, na walipa kodi.

Ninapowasikia wanasiasa wetu wakilinganisha misamaha ya Tanzania na ya Kenya ili kuona nani ni mkarimu zaidi kwa mwekezaji, najiuliza kama kuna hata mmoja aliyefungua faili la tairi. Jumuiya ya sasa ina forodha ya pamoja tangu mwaka 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Ina sekretarieti yake Arusha, katika mji ule ule wa General Tyre. Lakini kila nchi inaendelea kuandika peke yake orodha ya zawadi za mwekezaji, na hatujawahi kuambiwa, kwa kiwanda kimoja kimoja, serikali ilisamehe kiasi gani, ajira ngapi zilipatikana, na mwenye kiwanda alibeba nini kwenda nje. Takwimu za miradi iliyosajiliwa tunazisikia kila robo mwaka. Za miradi iliyokufa baada ya msamaha kwisha, hapana.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu zile hisa asilimia 26. Hata baada ya mashine kunyamaza, zilibaki mikononi mwa Continental, na Serikali haikuweza kuamua peke yake hatima ya kiwanda. Ikalazimika kukaa mezani na Wajerumani na hatimaye kuzinunua, ili iwe mmiliki kamili wa kiwanda kisichozalisha, na mashine zilizopitwa na wakati, na deni la NSSF. Mkopo ule wa dola milioni 10 ulitoka kwenye mfuko unaokusanya makato ya mishahara ya walimu wa shule binafsi, walinzi, wahudumu wa hoteli na madereva wa mabasi, ambao wengi wao hawajawahi kumiliki gari.